Vioo Vilivyozibwa kwa Rangi Nyekundu

Jumatatu, 18 Aprili

Nisamehe, daftari. Mara ya mwisho kukufungua mwanangu Nasra alikuwa hata kukaa hajui. Sasa anatambaa mpaka jikoni na anakula uji. Sina sababu ya kueleza. Uchovu tu.

Kazini leo mayai ya minyoo na watoto wake wa hatua ya kwanza. Naweka kioo kwenye hadubini, nazima taa ya chumba, nawasha taa ya buluu, natafuta panapong'aa kijani. Nikipaona nachora. Ndiyo kazi yangu. Daktari Zuleikha aliponichukua hakuniuliza cheti cha kidato cha nne. Aliniuliza nimewahi kuchambua karafuu? Nikamwambia tangu nina miaka sita natenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Akasema basi macho unayo, mengine utafundishwa.

Kinachong'aa ni protini moja ya minyoo. Daktari anataka kujua inakaa wapi tangu yai mpaka mnyoo mzima. Minyoo yetu ni ya udongo, tuliikusanya kwenye maganda ya ndizi yaliyooza, tunaifuga kwenye visahani. Ni midogo hasa. Kuihamisha natumia ukope mmoja uliogandishwa kwenye kijiti. Ukope ni wangu mwenyewe. Lakini minyoo hii ni jamaa za safura, Daktari anasema, na tukiyajua ya hawa tutakuwa na njia ya kuwajua wale wanaonyonya damu za watoto wa skuli.

Yai la seli moja: mng'ao umetapakaa. Likigawanyika: mng'ao umehamia seli ya nyuma. Likigawanyika tena na tena: unafuata seli moja tu, ile itakayokuja kutoa mayai ya kizazi cha pili. Nyengine zote giza. Zile zinakuwa ngozi, misuli, tumbo, kisha zinakufa na mwenyewe. Daktari anasema mng'ao wa mwanzo unatoka kwa mama. Mbegu ya dume haina.

Nimemhadithia mkwe wangu, Bi Time. Akasema, "Hilo nalo mpaka hadubini?"

Maziwa yamevuja kazini. Nguo mbili kwa siku.


Jumanne, 19 Aprili

Maabara tuko wawili tu Daktari anapokuwa Unguja. Mimi na Faki. Yeye ndiye anayebandika minyoo kwenye vioo, anatia dawa ya kung'arisha, anaosha, anafunika, kisha anaziba kingo kwa rangi ya kucha ili pasikauke. Rangi nyeupe, ile inayopitisha mwanga kama kioo. Mimi nasoma.

Faki ni wa kijijini kwetu. Mama yake, Bi Mize, ndiye aliyemuogesha Nasra siku arobaini. Alinikanda mimi mgongo mpaka nikaweza kusimama.

Sasa hatusemeshani. Tangu uchaguzi kijiji kimewasusia wote wa chama kile, nao ni nyumba chache. Hakuna kuwauzia, hakuna kununua kwao, hakuna salamu, gari haliwapakii, maiti yao wanazika wenyewe. Azimio lilipitishwa na wanaume, wanawake tukaambiwa. Mimi nimefuata. Si kwa ajili ya chama. Nakaa nyumba ya Bi Time, mume wangu Hamad yuko Unguja anajenga nyumba za watu, na mtoto wangu analelewa na Bi Time.

Wiki ya tatu hii. Faki anafika saa mbili, anaweka trei ya vioo juu ya meza yangu bila kunitazama, anaingia chumba cha nyuma. Zamani alikuwa akipaza sauti, "Mama Nasra, mstari wa juu hauna dawa." Maana kila fungu lazima liwe na vioo visivyotiwa dawa, vya kulinganishia. Vile vikiwa giza, basi mng'ao wa vyengine ni protini kweli. Hakuwa akiandika popote. Alikuwa akisema. Sasa hasemi.

Leo vioo vinne vimezibwa kwa rangi nyekundu. Nyeupe imemwishia, nadhani. Nimemuwaza Faki na ndevu zake anachagua rangi ya kucha dukani Konde. Nimecheka peke yangu.

Sikuuliza.


Alhamisi, 21 Aprili

Hatua ya tatu na ya nne leo. Wakubwa, wanaonekana vizuri.

Jambo. Katika vioo vingi mng'ao uko pale pale ninapoujua, kwenye mikono miwili ya mbegu, pale mayai yatakapotengenezwa, inayokua kwenda mbele na nyuma. Lakini katika vioo vinne pale kwenye mbegu giza, na tumbo zima linang'aa. Vidoa vidoa, kama punje, tangu shingoni mpaka mkiani. Nimetazama mara tatu. Nimechora. Nimepiga picha.

Daktari amenipigia kutoka Unguja saa sita. Nikamwambia: kwa hawa wakubwa, protini naiona tumboni. Akaniuliza, "Tumboni? Una hakika?" Nikasema ninayo picha. Akauliza, "Na visivyo na dawa vikoje?"

Nikamwambia, "Giza, kama siku zote."

Sikuviona. Faki hakunipa vioo visivyo na dawa, au kama amenipa hakuniambia. Ningekwenda chumba cha nyuma kumuuliza, hatua nane. Nilisema giza kwa sababu kila siku ni giza. Mayai giza, hatua ya kwanza giza. Kwa nini leo visiwe giza?

Si kitu. Naandika tu.

Usiku wa jana Nasra hakulala. Jino.


Jumamosi, 23 Aprili

Mapumziko. Mvua tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Nimefua, nimemenya muhogo, nimemsuka Bi Time.

Nimemhadithia habari ya Faki na rangi yake nyekundu. Bi Time kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilifurahi kumchekesha. Siku hizi hacheki.

Njiani kwenda kisimani nimekutana na Bi Mize. Anatembea kwa fimbo, miguu imevimba. Nasra alikuwa mgongoni. Alipomuona tu akapiga kelele ya furaha, akanyosha mikono yote miwili. Anamjua. Mikono ya kwanza kumshika ni ya yule.

Wanawake watatu walikuwa nyuma yangu na ndoo.

Nilimgeuza Nasra uso kwa kanga. Bi Mize akatazama chini, akapita pembeni kwenye tope ili mimi nipite pakavu.

Nimejichukia.


Jumatatu, 25 Aprili

Daktari kapiga tena. Furaha tupu. Amempelekea picha yangu mwalimu wake aliyemsomesha ng'ambo, amemwambia katika minyoo ya aina hii hakuna aliyewahi kuiona protini ile tumboni. Akaniita, "Jicho langu." Akasema kazi hii ikiendelea mwakani nitakuwa wa mwanzo kuandikiwa mkataba mrefu.

Nilisimama na simu mkononi kama mtu aliyepewa mtoto. Mkataba mrefu. Hamad kazi zake leo zipo kesho hazipo.

Ukuta wa maabara ni mwembamba, Faki kasikia. Kaja mpaka mlangoni. Kasimama. Nikainamisha kichwa kwenye hadubini, nikajifanya nasoma. Nilipoinua, keshaondoka.

Trei ya leo nyekundu tena, vioo vinne. Safari hii kapaka nene, pande zote nne, na mstari mnene juu ya kona. Kama bibi harusi. Ajabu ya mtu.

Tumbo linang'aa tena. Nimechora.


Jumatano, 27 Aprili

Daktari kafika bila kutuarifu. Hakuvua hata buibui. Mwalimu wake amejibu. Hakusifu. Amesema: kabla sijaamini, nitumie picha za visivyotiwa dawa vya siku hiyo hiyo.

Faki hayupo. Ameomba ruhusa mpaka Jumatatu, mama yake haamki kitandani. Nilikuwa sijui. Nyumba mbili kutoka kwetu na sijui.

Daktari kasema, "Haya, nipe picha."

Nikasema sina.

"Uliniambia umeviona."

Hapo ndipo ningesema. Nikasema, "Havimo kwenye trei." Ndivyo nilivyodhani. Lakini lile la kwamba nilisema nimeviona sikulijibu.

Daktari si mtu wa kupiga kelele. Alikaa kitini akajishika paji la uso. Kisha akasema, pole pole, "Basi Faki hakuvitengeneza. Ameona siko, akaruka kazi. Na mimi nimeshapeleka jina langu huko." Akasema Jumatatu akija atampa barua yake ya kuacha kazi. Akaongeza, "Nawe ulidhani umeviona, umechoka, una mtoto mchanga. Nakujua."

Kanitafutia udhuru mwenyewe. Mimi nikaukubali kwa kunyamaza.


Alhamisi, 28 Aprili

Nimejua.

Asubuhi Daktari kaniambia niandae vioo vipya kwa vile Faki hayupo. Nikaingia chumba cha nyuma, mara ya kwanza tangu tususiane. Meza yake imepangwa kuliko yangu. Nikatafuta rangi ya kucha. Chupa mbili ziko pamoja. Nyekundu imebaki nusu. Nyeupe ni chupa ile ile ya zamani, bado ipo tele.

Haikumwishia.

Kisha nikachukua trei ya Jumatatu. Vioo vya rangi nyeupe: mng'ao kwenye mbegu. Vioo vya rangi nyekundu: kwenye mbegu giza, tumbo linang'aa. Vyekundu vinne. Kila mara vinne. Kila fungu Faki anatengeneza vinne visivyo na dawa. Siku zote vinne.

Sikutaka kuamini. Nikachukua mnyoo mzima, hai, wa hatua ya nne, kwa ukope wangu. Nikamweka kwenye tone la maji. Hana dawa yoyote, hajaguswa na kitu. Nikawasha taa ya buluu.

Tumbo likang'aa.

Linang'aa lenyewe. Ni punje zao za tumboni, wakikua zinazidi; kwenye vioo vyenye dawa mng'ao mkali wa mbegu ulizifunika. Hakuna protini pale. Hapajawahi kuwa na protini pale.

Alikuwa ananiambia. Hakuruhusiwa kunisemesha, akapaka nyekundu. Nilipokuwa sielewi akapaka nene zaidi. Na mimi nikacheka.

Daktari alikuwa chumba cha pili anaandika. Mlango wazi. Sikumwambia. Naandika hivi niwe nimeona kwa macho yangu: sikumwambia. Nilimfikiria Nasra. Nilifikiria mkataba. Na nilifikiria hivi pia, kwamba Faki akiondoka hapana mtu kijijini atakayenilaumu. Watasema vizuri. Bi Time atasema vizuri.

Nimeosha visahani vyote. Vilikuwa safi.


Ijumaa, 29 Aprili

Habari imeshafika kijijini. Sijui nani kaileta. Labda dereva aliyemleta Daktari.

Baada ya sala ya Ijumaa wanawake walikuwa uani kwetu wanachambua mchele. Jirani yetu Mwanaidi kasema, "Nasikia mtoto wa Mize anafukuzwa kazi."

Bi Time kajibu, "Kila mtu na alilolichagua."

Mwanaidi akasema tena, "Asitie shaka, riziki ipo. Akauze rangi za kucha."

Wakacheka wote. Bi Time kanitazama mimi, nicheke pamoja naye, kwani maneno ni yangu. Niliyaleta mimi nyumbani yale. Yamezunguka kijiji yamerudi.

Nikaingia ndani kumnyonyesha Nasra. Kaning'ata kwa jino jipya. Nikalia kidogo, nikasema ni jino.

Katika vioo vya wiki iliyopita kuna jambo sikuliandika. Mtoto wa mnyoo anapotoka kwenye yai ana seli mbili tu zinazong'aa. Mbili. Zimekaa katikati ya mwili wake, hazigawanyiki. Daktari alinieleza: zinangoja. Mtoto asipopata chakula zinakaa vile vile, siku kwa siku. Akila tu, zinaanza. Kila kitu alichopewa na mama yake kiko mle, kinangoja.

Mimi nampa nini huyu?

Nimempigia Hamad. Nimemwambia yote. Kasema, "Mama utamuweza?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi mwambie mwenye kazi peke yake, kimya kimya. Nyumbani kwa kina Faki usende."

Ameshauri vizuri. Sitafuata.


Jumamosi, 30 Aprili

Nimekwenda saa nne ya asubuhi, jua limetoka, watu wako barazani. Nimemfunga Nasra mbele, si mgongoni, aonekane. Nimepita njia kubwa. Mwanaidi aliacha kufagia.

Nilipiga hodi. Hakuna aliyeitikia mara moja. Labda hawakuamini kama ni hodi yao.

Bi Mize yuko kitandani, miguu juu ya mto. Nikamshika mkono. "Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akasema tu, "Nipe mtoto."

Nasra kamrukia. Alimshika pua.

Faki alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Nikamwambia kabla sijakaa, nikikaa sitasema. Nikamwambia nimevijua vioo vyekundu. Nikamwambia nilichomjibu Daktari kwa simu, na nilivyonyamaza Jumatano, na barua inayomngoja Jumatatu. Alikuwa hajui habari ya barua. Niliona uso ukimbadilika.

Akakaa. Akasema, "Mimi nilijua utaona. Mtu aliyechambua karafuu maisha yake yote, nyekundu itampita?"

"Haikunipita. Nilidhani nyeupe imekwisha."

"Si ungeuliza?"

"Na wewe si ungesema?"

Bi Mize kitandani akasema kwa Nasra, "Wasikilize hao. Wamesoma." Faki akaangalia sufuria yake. Alicheka kwa pua, kidogo, si kwa furaha.

Kisha akaniambia jambo lililonikaa. Jumatatu ile alipokuja mlangoni alikuwa amekuja kusema. Aliniona nimeinamisha kichwa, akajua nimemsikia akija. Akasema basi huyu hataki. Akarudi.

Ni kweli. Nilimsikia.

Nilichemsha maji, nikamkanda Bi Mize miguu kama alivyonikanda mgongo. Sikufanya vizuri kama yeye. Alinielekeza, "Juu. Juu zaidi. Mkono wako mwepesi kama unashika yai."

Niliporudi Bi Time alikuwa mlangoni. Hakusema neno. Akamchukua Nasra mikononi mwangu, akamuogesha upya.


Jumatatu, 2 Mei

Nimefika kabla ya Faki. Barua ilikuwa juu ya meza ya Daktari, imekunjwa.

Nimemweleza kwa kusimama. Nimemuonesha mnyoo hai kwenye tone la maji. Katazama mwenyewe. Alikaa na jicho kwenye hadubini zaidi kuliko ilivyohitajika.

Kasema, "Nilijua tumbo la hawa linang'aa kidogo. Ndiyo maana nilikuuliza." Kisha, "Kosa la macho ningekusamehe pale pale. Mimi mwenyewe nimewahi kukosea zaidi ya hapo. Lakini nilikuuliza umeviona, ukasema giza."

Nikasema ndiyo.

"Kwa nini hukumuuliza mwenzako?"

Nikamwambia tumesusiana. Daktari ni mtu wa Chake, ukoo wa mashamba ya zamani, kusoma kasoma mbali. Lakini anajua. Kila mtu kisiwa hiki anajua. Akasema, "Hata humu ndani?" Hakungoja jibu.

Barua kaichana. Kamuandikia mwalimu wake mbele yangu: picha ile ni kosa, tumbo linang'aa lenyewe, naomba radhi. Ameandika jina lake. Langu hakulitia. Nilitamani angelitia.

Mimi hadubini basi kwa sasa. Nitaosha visahani na kulisha minyoo mpaka atakapoona mwenyewe. Habari ya mkataba mrefu hakuitaja. Sikuuliza.

Faki kafika saa mbili. Akasema, "Salaam aleikum." Kwa sauti, chumba kizima. Tukaitikia wote wawili.


Alhamisi, 5 Mei

Imeanza. Dukani kwetu mwenye duka kajifanya anahesabu mishumaa mpaka nikaondoka. Kisimani wamenipisha, wote, kama maiti inapita. Mwanaidi kaitia ndoo yake maji akayamwaga, akateka tena, kwa vile kamba niliishika mimi.

Gari ya kwenda Konde haikusimama. Nimekwenda kwa miguu, tope mpaka kwenye mafundo. Sokoni Konde niliomba chumvi, muuzaji akanitazama sana. Kumbe ni mjomba wa mwenye duka. Chumvi imekwisha, akasema. Iko mbele yake.

Bi Time hanisemeshi. Anazungumza na Nasra. "Nasra, mwambie mama yako muhogo uko chunguni." "Nasra, muulize mama yako anarudi saa ngapi, nijue uji wako niupike lini." Nasra anapiga makofi. Mimi namjibu Nasra. "Mwambie bibi saa tisa." Ndivyo nyumba inavyokwenda.

Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba atakataa kumlea. Usiku nilijiandaa kwa hilo. Asubuhi alinyosha mikono kama siku zote, akatazama pembeni, akamchukua.

Sijui kesho. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Lakini sikujuta. Nimejipima vizuri, sikujuta.


Jumatano, 11 Mei

Daktari kanirudisha kwenye hadubini, nusu siku. Sharti: vioo visivyo na dawa vinasomwa mwanzo, kabla ya vyengine vyote, na tunatia saini mimi na Faki pamoja. Hakuna kusoma cha pili kabla ya saini ya cha mwanzo. Amelibandika ukutani.

Faki kaandika chini yake kwa kalamu: Nyekundu = haina dawa. Kubwa, kama ya watoto wa skuli.

Nikamwambia, "Mimi siyo kipofu."

"Sijasema kipofu."

Bi Mize anasimama sasa. Akiegemea ukuta.


Jumatatu, 16 Mei

Mvua imepungua. Ramadhani inakaribia.

Tumemaliza fungu lote. Saini zote zipo. Daktari anasema ndiyo ile ile aliyoitarajia tangu mwanzo, hakuna jipya la kumshangaza mtu, lakini sasa ni kweli. Imekaa hivi kwenye karatasi yangu: yai, pote, kutoka kwa mama. Kisha seli moja ya nyuma. Mtoto aliyetoka sasa hivi, seli mbili, zinangoja ale. Akila, zinaongezeka. Hatua ya tatu na ya nne, mikono miwili ya mbegu. Mnyoo mzima, mbegu na mayai yake. Mbegu za dume, hakuna. Tumboni, hakuna.

Neno 'hakuna' nimeliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kila hatua.

Leo asubuhi Bi Time alikuwa anamlisha Nasra uji. Nikaona Bi Mize anapita nje kwa fimbo, pole pole. Bi Time hakumsalimu. Lakini alimgeuza Nasra, uso ukaelekea njiani. Nasra akapunga mkono. Bi Time akaendelea kuchota uji.

Daktari yuko Unguja. Kaniambia nimuandikie vinavyohitajika, na vyangu vya nyumbani nivitie humo humo, anajua hali. Naviweka hapa kwanza nisisahau:

Vioo vya hadubini, boksi mbili.
Vifuniko vyake, vile vyembamba, boksi tatu.
Dawa ya kung'arisha, chupa ndogo moja, ije ndani ya barafu.
Visahani, mfuko mmoja.
Penseli za kuandikia kwenye kioo, nne.
Rangi ya kucha nyeupe, chupa mbili.
Rangi ya kucha nyekundu, chupa mbili.
Sabuni ya mche, miche mitatu.
Viberiti, pakiti moja.
Sukari, kilo mbili.
Dawa ya kuchua miguu, makopo mawili. Moja ni la Bi Time, asiambiwe nimeagiza mimi.
Chumvi, paketi mbili. Moja ya Bi Mize.